Siku Arobaini za Sakafu ya Morlot

(Barua hii haikutumwa. Ilikunjwa ikabaki ndani ya daftari la Philiberte Morlot.)

Châtelmont, Burgundi
Jumapili, 1 Oktoba 1713

Mdogo wangu Bénigne,

Baba amefariki leo asubuhi, kengele ya misa ya kwanza ikilia. Alikuwa ameketi kitandani akimfundisha Bibi Toinon, mpishi wetu, namna ya kumshikia kikombe cha supu. "Kiwiko, mama, kiwiko! Unashika kikombe au unakamua ng'ombe?" Toinon akamjibu, "Kunywa kwanza, utanifundisha ukishiba." Hakunywa.

Nakuandikia kwa utaratibu, kama ninavyoandika daftarini kila siku, kwa sababu nikiacha utaratibu nitalia na wino utaharibika.

Kwanza, hakuteseka. Miguu yake ilikuwa imelegea tangu Agosti, sikukuambia.

Pili, jana alinishika mkono akasema, "Usimwite kijana kabla hajacheza. Akija huku kuvaa nguo nyeusi, kule watampa mwingine nafasi yake." Nikamwahidi.

Tatu, chumba. Unazijua kanuni za chama chetu cha waalimu wa dansi, lakini naziandika ili nizione kwa macho. Mwalimu akifa, mwanawe wa kiume ana siku arobaini. Asimame mbele ya wazee watatu, acheze dansi moja iliyotungwa nyumbani kwake, nao wataandika jina lake mahali pa jina la baba. Siku zikipita, kibao kinashushwa mlangoni, na ruhusa inapewa mwalimu anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni Crépey. Binti hana siku hata moja, kanuni hazimtaji. Nimefundisha kwenye sakafu hii miaka kumi na minne, nusu ya mabibi wa mji huu walijifunza kuinama kwa kunitazama mimi, na kanuni hazinitaji.

Siku ya arobaini ni Ijumaa, tarehe 10 Novemba. Wewe unacheza peke yako mbele ya Paris nzima tarehe 24 Oktoba. Safari ni siku sita. Muda unatosha, nikinyamaza.

Kwa hiyo nanyamaza. Hii siitumi.

Philiberte


Châtelmont
4 Oktoba 1713

Mdogo wangu Bénigne,

Pokea salamu za nyumbani. Zabibu zimekwisha kuvunwa, mvua imeanza. Baba miguu imemlegea kidogo, kwa hiyo yuko kitandani, lakini mkono wake mzima. Amekuandikia, kwa michoro ya hatua, ile dansi ya sarabanda uliyomwomba wakati wa kiangazi. Karatasi imo humu. Ikunjue taratibu, wino ni mpya.

Kuna jambo moja analolitaka. Amechoka, anataka kukukabidhi chumba. Wazee wa chama watakaa Ijumaa ya tarehe 10 Novemba. Ukimaliza onyesho lako la tarehe 24, panda gari la farasi uje, uwachezee dansi moja, waandike jina lako, kisha rudi Paris ukipenda. Mimi nitafundisha kwa jina lako kama ninavyofundisha kwa jina lake. Sikuombi zaidi ya hapo.

Crépey alikuja jana. Amesikia kuna mgonjwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakanyaga ubao wa kwanza, akakanyaga wa pili, kama mtu anayemfungua farasi mdomo sokoni. "Sakafu nzuri hii, Bi Philiberte. Inarudisha mguu."

Nikamwambia, "Inarudisha mguu wa mwenyewe, Mwalimu. Wa mgeni inauvunja."

Toinon alicheka mpaka vitunguu vikaungua. Nijibu upesi.

Dada yako,
Philiberte


Paris
11 Oktoba 1713

Dada Berte,

Unaniita Châtelmont katikati ya msimu! Unanichekesha kweli. Fundi nguo ananipima kila asubuhi kama maiti. Mimi ndiye Upepo wa Kaskazini. Nitashuka kutoka mbinguni juu ya wingu la mbao, kamba nne, manyoya ya mbuni mabegani, na fidla zote zitanyamaza isipokuwa moja mpaka mguu wangu uguse chini. Kuna vijana sita hapa wanaoniombea mafua. Nikitoka hata wiki moja, nikirudi nitamkuta mwingine juu ya wingu langu.

Waambie wazee wa chama wangoje Pasaka. Kuna haraka gani? Baba ana miaka kumi zaidi ya kutukana watu.

Karatasi yake bado sijaikunjua. Nataka nikae nayo nikiwa na nafasi. Lakini nami natuma yangu, dansi ya watu wawili, niliitunga Septemba. Mpe aisome. Halafu uniandikie matusi yake neno kwa neno, usiyalainishe. Nimeyakosa.

Na tafadhali usiolewe na Crépey. Mtu anayecheza minueti kama anatwanga hawezi kuwa shemeji yangu.

Bénigne


Châtelmont
18 Oktoba 1713

Bénigne,

Nimepata karatasi yako jana. Leo asubuhi niliondoa viti, Toinon akaimba mapigo huku akimenya karoti, nami nikacheza dansi yako. Kwanza njia ya mwanamke. Nzuri. Ina ule mzunguko mpana unaoupenda, na mwanamke anaruka kwa mguu huu na huu kama binadamu.

Kisha nikacheza njia ya mwanamume.

Nilicheza mara moja, nikasimama. Nikacheza tena. Mara ya tatu Toinon aliacha kuimba akasema, "We mtoto, mbona leo unacheza kama korongo?"

Ndivyo ulivyoandika, Bénigne. Kila mruko wa mwanamume unatua mguu wa kulia. Kila kituo anasimama kwa mguu wa kulia. Pale ambapo mwanamke, upande wake, anainuka juu ya vidole vya mguu mmoja, mwenzake alipaswa kumjibu kwa mguu wa kushoto. Wewe umempa mguu wa kushoto kazi ya kupigapiga hewani, kama pambo. Nimepitia karatasi hatua kwa hatua, nikaweka alama daftarini. Hatua mia moja na kumi na mbili. Uzito haukai mguu wa kushoto hata mara moja.

Mtu anaweza kudanganya kwa barua. Huwezi kutunga hatua ambayo mwili wako unaiogopa.

Mguu wako wa kushoto una nini?

Nijibu kweli, na usinitajie manyoya. Huku mambo si mazuri. Crépey amekuja tena, safari hii na glovu mpya. Anasema yeye ni mjane, mimi si msichana, na mke wa mwalimu anaruhusiwa kufundisha chini ya jina la mumewe. "Hutahama hata msumari," akasema. "Ni kibao tu kitakachobadilika." Nikamwambia nitafikiri. Usicheke. Nafikiri kweli.

Philiberte


Paris
19 Oktoba 1713

Dada,

Nimekunjua karatasi leo.

Nitakwenda polepole ili nisikosee. Mwandiko ni wa Baba. Njia imechorwa kama anavyochora yeye, laini kama uzi wa hariri. Heshima za mwanzo ni zake, anainama kwanza upande wa juu wa ukumbi, ndipo anamgeukia mwenzake. Niliifuata kwa kidole mezani mpaka mzunguko wa tatu, nikaanza kucheka kabla sijafika, maana najua mahali hapo patakuwa na nini.

Hapakuwa na kitu.

Unalijua teke la Baba. Miaka yote hiyo alitufundisha kwamba karatasi ya dansi haisomwi kama kitabu, inageuzwa kadiri mchezaji anavyogeuka, na miaka yote hiyo yeye mwenyewe alisahau kuigeuza akiandika mzunguko wa tatu. Mguu wa kulia ukatokea upande wa kushoto wa mstari. Tukaufuata kama kondoo, tukajipiga teke kwenye kifundo. Hakuna dansi yake hata moja isiyo na teke. Tulimwonyesha, akasema, "Mwenye akili atajua." Hakusahihisha kamwe.

Sarabanda hii haina kosa. Mzunguko wa tatu umegeuzwa vizuri, kila mguu uko upande wake. Na katika zamu ya nne kuna kituo kirefu, mapigo mawili kamili ambayo watu wawili wanatazamana tu wala hawasogei. Baba hakuwahi kumwacha mtu asimame mapigo mawili maishani mwake.

Nilimwonyesha Bwana Delorge, mchonga shaba anayechapa vitabu vya dansi. Aliishika dirishani muda mrefu. "Nani katunga hii?" Nikaikunja, nikaja kukuandikia.

Hii si ya Baba. Ni yako. Umeiga mkono wake kwa nini?

Baba yuko wapi, Berte?

Bénigne


Paris
25 Oktoba 1713

Dada Berte,

Yako ya tarehe 18 imenikuta jana, siku yenyewe. Tumepishana njiani: wewe umeusoma mguu wangu, mimi nimeusoma mkono wako. Naanza mimi, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na umeuliza kwa adabu zaidi.

Tarehe 9 Mei nilikuwa najizoeza miruko. Niliruka, na kabla sijatua nikasikia mtu amechapa mjeledi nyuma yangu. Nikageuka kumtukana. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa ukano wa kisigino, umekatika. Daktari aliubonyeza, kidole chake kikazama kama kwenye siagi. Nilikaa wiki tisa nimefungwa. Sasa natembea. Nashuka ngazi upande upande kama kaa. Kuinuka kwa vidole vya mguu wa kushoto siwezi, nauamuru, haunisikii.

Tangu Julai namnakilia dansi Bwana Delorge. Kazi safi, ya kukaa. Nina kiti chenye mto.

Jana Upepo wa Kaskazini ulishuka juu ya wingu lake, fidla zikanyamaza isipokuwa moja. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, kati ya wauza machungwa. Mguu uliogusa chini ulikuwa wa mtu mwingine. Alicheza vizuri. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akasema, "Huyu ni nani? Mwaka jana hakuwepo." Nikamwambia jina lake.

Sikukuambia kwa sababu Baba alimwambia kila mtu pale Châtelmont, mpaka mwoka mikate, kwamba nitacheza peke yangu mbele ya Paris. Nilitaka aifaidi fahari hiyo hadi mwisho wa msimu. Sasa nijibu swali langu.

Bénigne


Châtelmont
25 Oktoba 1713

Mdogo wangu,

Naandika huku barua yako iko wazi mbele yangu.

Baba amezikwa tarehe 2 Oktoba, katika uwanja wa kanisa, upande wa mama. Mji mzima ulijua isipokuwa wewe. Aliniambia nisikuite kabla hujacheza, nikaona ahadi ya mwisho haivunjwi. Karatasi niliiandika mimi usiku wa kuamkia mazishi. Nilikuwa nimekaa naye, sikuwa na la kufanya na mikono. Sikuweka teke. Nilijaribu, mkono ukakataa kukosea mahali ninapopajua.

Sasa unajua kwa nini ni tarehe 10 Novemba. Si kwamba Baba amechoka. Ni siku ya arobaini. Asiposimama Morlot wa kiume mbele ya wazee siku hiyo, kibao kinashuka, na mimi nachagua kati ya glovu za Crépey na mlango.

Sikulaumu kama huwezi. Bado sijui mguu wako uko vipi. Lakini nataka ujue ninachokuomba, maana mara ya kwanza nilikuomba kwa uongo: nataka kuendelea kufundisha katika chumba hiki. Hicho tu. Jina liwe la yeyote.

Philiberte


Paris
1 Novemba 1713

Dada,

Nimekwenda kanisani, nimemwombea. Sikulia pale. Nimelia ngazini, nikishuka upande upande, kwa kuwa angenitukana.

Nimepata nafasi kwenye gari la farasi la Jumamosi. Nitafika tarehe 9, jioni, Mungu akipenda na barabara ikiruhusu. Hatutakuwa na muda wa kujizoeza zaidi ya asubuhi moja.

Kanuni inasema dansi iliyotungwa nyumbani kwake. Haisemi na nani. Tunga wewe. Nakupa mwili nilionao: natembea vizuri nikienda polepole. Nakunja magoti yote mawili. Nasimama mguu wa kulia muda wowote utakaotaka. Mikono na kofia mizima kabisa. Usiniinue kwa mguu wa kushoto. Ukiniinua kwa kushoto, nitaanguka mbele ya Crépey, naye atakufa kwa furaha nasi tutashtakiwa.

Bénigne


Châtelmont
26 Novemba 1713

Dada Berte,

Mama Guérard, mwenye nyumba wangu wa Paris, ameniandikia kwamba umefika, umeipanga meza yangu upya na umemkataza paka wake kuingia. Kwa hiyo najua barua hii itakukuta.

Wiki moja na zaidi nimekuwa nikiianza. Ulikuwepo siku ile, lakini ulikuwa unacheza. Mimi nilikuwa nimesimama, kwa hiyo niliona. Acha nikuambie nilichokiona.

Chumba kilikuwa kimejaa. Mzee Fyot katikati, na lile jicho lake lenye ukungu. Wazee wawili wengine pembeni. Crépey mstari wa kwanza, miguu kaitanua kama mwenye nyumba. Mwanafunzi wako, binti wa mwanasheria, alikuwa amebana leso mdomoni. Nilivua kofia, tukainama. Ulikuwa umenitungia dansi ya mwanamume anayengoja. Wewe unakwenda, unarudi. Yeye anageuka kukutazama, anakunja goti, anangoja pigo lipite. Watu walidhani ni mapenzi. Hakuna aliyedhani ni ukano.

Tukafika zamu ya nne, kwenye kituo kirefu kama kile cha sarabanda yako. Nilipaswa kukunja magoti na kuinuka kwa kulia. Sijui kilichotokea. Labda furaha. Mwili ukasahau, ukainuka kwa kushoto kama ulivyozoea miaka ishirini. Kisigino kikazama. Nikabaki chini, goti limekunjwa, siwezi kupanda.

Na wewe ukapita mbele yangu. Ukatandaza sketi, ukanizunguka mara moja, polepole, jicho lako halitoki usoni kwangu, kana kwamba iliandikwa hivyo. Ukazunguka mara ya pili kinyume. Mpiga fidla alikufuata wewe, hakufuata karatasi. Ulipofika upande wangu wa kulia ukanipa mkono, mimi nikautia uzito wote, nikapanda. Tukamaliza. Mzee Fyot alikuwa akijifuta lile jicho zima.

Ndipo Crépey akasimama. "Wazee wangu, naomba kuuliza tu, nipate kuelimika. Aliyecheza hapa ni nani? Maana mimi nimeona mwalimu mmoja na kigingi kimoja. Na mwalimu kavaa sketi."

Watu wakacheka. Fyot hakucheka, na hapo nikaogopa, kwa sababu nilijua ameona vilevile.

Walikaa faragha kidogo, wakarudi na kitabu. Wewe ulikuwa dirishani, unapepea uso. Fyot akasoma kwamba Bénigne, mwana wa Lazare Morlot, anaandikwa mahali pa baba yake. Ukageuka ukacheka, niliona. Kisha akasoma sharti: ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba chama kimempa mmoja jina na mwingine kazi, Philiberte Morlot asikanyage sakafu hiyo wakati wa somo, wala asifundishe ndani ya kuta za mji huu. Akaisoma bila kukutazama. Akageuza kitabu kwangu, akanipa kalamu.

Nikatia sahihi.

Nimejieleza mengi tangu siku ile. Nilidhani tukipata jina kwanza, sharti tutalipinga baadaye. Nilidhani nikikataa, Crépey anachukua kila kitu papo hapo. Nilidhani kwa niaba yako. Lakini ukweli ni kwamba nilisikia jina langu linasomwa mbele ya watu, mara ya kwanza tangu Mei, na mkono ukaenda.

Uliniandalia chakula, ukanifunga kisigino kwa kitambaa cha siki, na Jumatatu ukaondoka na gari la asubuhi.

Chumba kipo, Berte. Kibao kipo. Nakaa kitini na kifidla, nawaambia mabinti, "Kunjeni, inukeni," na hawainuki, kwa sababu hakuna wa kumtazama akiinuka. Mke wa mwanasheria ameniuliza, "Bi Philiberte anarudi lini? Maana binti yangu sasa anainama kama anatafuta sindano." Wawili wamekwisha kuhamia kwa Crépey. Toinon hanisemeshi. Supu ananiletea bila chumvi, anaiweka mezani, anaondoka.

Sema neno moja tu, nami nitakwenda kwa Fyot kurudisha karatasi ya ruhusa, na afuate anayefuata. Au njoo nyumbani, ukae tu. Na kama umenisamehe, niambie hilo pia.

Ndugu yako,
Bénigne


Kwa Bwana Bénigne Morlot, mwalimu wa dansi, Châtelmont

Paris
3 Desemba 1713

Bénigne,

Nimepokea. Nakujibu kwa mpangilio.

Bwana Delorge amenipa kazi uliyoiacha. Siku ya kwanza aliniuliza ndugu yangu atarudi lini. Siku ya tatu aliacha kuuliza. Nilimwambia ile sarabanda ni yangu. Alikohoa, akasema, "Bibi, mkono huu ningeuchonga hata leo, lakini dansi yenye jina la mwanamke chini yake itabaki dukani kwangu mpaka niione ikioza." Kwa hiyo itatoka mwezi wa Januari, na chini yake pataandikwa Morlot, basi. Watu watadhani ni Baba, au wewe. Nimekubali. Nakuandikia ili usije ukaiona ukadhani nimefurahi.

Crépey aliniandikia kabla sijaondoka. Barua nzuri, haina dharau. Nilimjibu hapana kwa mstari mmoja.

Kuhusu mabinti wa Châtelmont: mruhusu binti wa mwanasheria asimame mbele, wengine wamtazame yeye. Anajua kuinuka, ila anaona haya kujua. Mwambie nimesema anajua.

Mwambie Toinon aweke chumvi. Hili halimhusu.

Sasa hilo neno moja unaloomba. Silisemi. Unataka nikuamuru urudishe karatasi, ili ukiirudisha iwe kwa ajili yangu, na usipoirudisha iwe kwa sababu nilinyamaza. Ulitia sahihi bila kuniuliza. Kuifuta pia usiniulize. Una mguu mmoja mzima. Nenda nao kwa Fyot au kaa nao kitini, uamue wewe.

Na unauliza kama nimekusamehe. Kwa uongo wa tangu Mei, ndiyo, kwa kuwa nami nilikudanganya na nilikuwa hodari kuliko wewe. Kwa kuinuka na mguu wa kushoto, nilikusamehe palepale, kabla mpiga fidla hajafika mwisho. Hata nilifurahi, maana kwa mapigo manne nilicheza kitu ambacho hakijaandikwa popote. Kwa kushinda, bado. Najaribu kila siku asubuhi, na kila siku naiona kalamu inatoka mkononi mwa Fyot inaingia mkononi mwako, na wewe hukunitazama pale dirishani.

Nyumbani sirudi kukaa tu. Sijui namna ya kukaa tu.

Jumapili baada ya misa wanakuja washona nguo wanne chumbani kwako, wale wa ghorofa ya chini. Walinisikia nikijizoeza wakagonga mlango. Sina ruhusa hapa pia. Chama cha huku ni kikali zaidi, na wakitukuta watachukua hata fidla. Mmoja wao, Gervaise, ana mabega ya mbeba magunia na masikio makali kuliko wote niliowahi kufundisha. Kitanda chako tunakisimamisha ukutani. Leo tumefika zamu ya pili ya sarabanda, na bwana wa chini amegonga dari kwa mpini wa ufagio, mara tatu, akafoka kwamba akisikia kisigino kimoja zaidi atakwenda kuita askari.

Tukatazamana. Nikainama, nikavua viatu, nikaviweka chini ya meza. Nao wakavua vyao. Tukaanza tena, tangu mwanzo, bila muziki.

Philiberte Morlot